Mstahiki Meya, ziara ijayo ya mafunzo mtupakie na sisi mafundi

Kwa Mstahiki Meya,
Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

YAH: OMBI LA ZIARA YA MAFUNZO YA MIPANGO MIJI KWA WATU WA MITAANI

Mstahiki Meya,

Shikamoo, na kama umri wangu umekuzidi, basi ipokee kama salamu tu. Mimi ni fundi uashi wa hapa hapa mjini. Nimejenga Magomeni, Chuno na Likombe, na siku hizi kazi nyingi ziko pembezoni, njia ya Naliendele, ambako wiki hii mikorosho inaangushwa na wiki ijayo bikoni (mawe ya mipaka ya viwanja) zimeshasimama. Shahada ya mipango miji sina. Nina futikamba, timazi na pima maji, na kwa hivyo vitatu nimeona mambo ambayo ningependa yafike mezani kwako kabla bajeti ya mwaka ujao wa fedha haijafungwa.

Mchoro wa mipango miji, hata uwe mzuri vipi, mtu wa mwisho kuutekeleza ni fundi. Mwenye kiwanja ananiita, ananionyesha bikoni nne, ananiambia anataka vyumba vitatu na sebule. Hapo afisa mipango miji hayupo, mpima hayupo. Tuko wawili na kamba. Nikimshauri ainue msingi kozi (safu za matofali) tatu zaidi kwa sababu maji ya mvua yanapita pale, unainuliwa, nyumba inakuwa salama, na maji yanahamia kwa jirani. Jirani naye anaita fundi wake. Masika ya pili mtaa mzima umepanda juu na barabara katikati imegeuka mto. Ukizitazama nyumba moja moja, kila moja imejengwa vizuri. Mtaa ndio umeharibika, na hakuna fundi wala mwenye nyumba anayeona kwamba amekosea.

Sasa nije kwenye ziara. Nchini kwetu ziara ya mafunzo ina sura yake inayojulikana: madiwani, wakuu wa idara, bahasha ya posho, picha ya pamoja mbele ya bango. Sisemi hazina faida. Lakini niliwahi kumuuliza diwani mmoja wa huku kusini, wa halmashauri nisiyoitaja, walijifunza nini kwenye mji waliokwenda kuangalia usimamizi wa taka. Hoteli alinisimulia kwa kirefu. Kuhusu taka alisema, "Wenzetu wamejipanga." Wamejipanga vipi? Nani anazoa, saa ngapi, analipwa kutoka mfuko gani, na asiyelipa anafanywa nini? Hakuwa na jibu, na simlaumu, maana hajawahi kusukuma toroli la taka. Angekuwepo kijana mmoja wa kikundi cha usafi, maswali hayo yangemtoka kabla hata ya kukaribishwa soda.

Ndiyo maana ninaomba Coaster moja. Wakae humo mafundi wawili watatu, wenyeviti wa mitaa, mama lishe wa sokoni, bodaboda, kikundi cha kuzoa taka, wanafunzi wa VETA na wa chuo cha Stella Maris, mwalimu wa jiografia, mvuvi wa Mikindani, mtu anayetembelea kiti cha magurudumu, na afisa mipango miji wako mmoja. Huyo asikose, maana yapo tutakayoyaona tusiyaelewe. Diwani mmoja anatosha, wawili wakisisitiza. Kila mtu apande na swali la mtaani kwake, ameliandika. Asiye na swali ampishe mwingine kiti.

Siku ya kwanza gari lisitoke nje ya manispaa. Wengi tunaishi hapa bila kujua mji uliwekwaje. Barabara za katikati ni pana na zimenyooka kwa sababu mji ulipangwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Walitaka bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikukubali, reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960, ila upana wa zile barabara tunautumia mpaka leo, na malori ya korosho yanapishana humo. Wanafunzi wasimame pale katikati wapime barabara kwa hatua, halafu twende nao kwenye mtaa mmoja mpya wa pembezoni wapime tena. Sihitaji kuwahubiria chochote baada ya hapo. Nyumba unaweza kuibomoa na kuijenga upya, lakini njia iliyokwisha kubanwa na nyumba mia mbili utaipanua kwa fidia ya nani?

Kisha Mikindani. Boma la Wajerumani la 1895 lilikarabatiwa na sasa linapokea wageni, lakini mimi ningewasimamisha mafundi vijana mbele ya zile nyumba nyingine za mawe ya matumbawe na chokaa zinazomomonyoka. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu unaingia na kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, na baada ya misimu kadhaa lipu inavimba na kudondoka na kipande cha ukuta. Fundi mwenye haraka anaongeza saruji. Nimeona hivyo mara nyingi, na kila mara mwenye nyumba analipa tena akidhani amepata dawa.

Baada ya hapo ndipo tuondoke kwenda Dar es Salaam, na tupite barabara, tusipande ndege. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika maeneo ya Somanga na sisi wa Lindi na Mtwara tukabaki tumefungiwa huku. Tushuke pale, tuangalie makaravati na njia za maji. Mwanafunzi aliyesimama juu ya daraja akaona maji yanakotoka na yanakotaka kwenda hatasahau upesi kama aliyenakili ubaoni.

Dar kuna sehemu ambayo mimi naiona kama chuo: Hanna Nassif, Kinondoni. Ni mtaa uliojengeka holela ukingoni mwa bonde la Msimbazi, na maji yalikuwa yanawaingilia ndani kila masika. Miaka ya 1990 wakazi wenyewe, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, walichimba na kujenga mitaro na barabara za ndani kwa nguvu kazi ya mtaa, wanawake kwa wanaume, kupitia chama chao na kwa mikataba ya kazi waliyopewa wao wenyewe. Hawakusubiri mtaa ubomolewe kwanza ndipo upangwe. Pale sitaki tusomewe risala. Nataka wazee waliochimba watuonyeshe mitaro ipi imeziba, nani anaizibua, na waliposhindwa walishindwa kwa sababu gani. Mitaa yetu mingi itafanana na Hanna Nassif muda mrefu kabla haijafanana na michoro, na heri tujue mapema kazi hiyo inaanzwaje.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Jangwani. Wote tunasifu mabasi yaendayo haraka, na yanastahili sifa. Curitiba ya Brazil ilianza kuyatengea mabasi njia zake mwaka 1974, Bogotá ikafuata 2000, Dar es Salaam ikaanza Mei 2016, na kila mji uliangalia waliotangulia. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa bondeni, na Msimbazi ukifurika mabasi yanasimama. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde zima, pamoja na daraja jipya. Ziara nyingi zinawapandisha watu basi kutoka Kimara hadi Kivukoni, wanapiga picha, basi. Sisi tushuke Jangwani. Mji wenye watu wa kutosha kuchora mradi wa namna ile, na bado bonde likawashinda: hilo ndilo la kuliona kwa macho, kabla hatujaweka stendi au soko mahali ambapo wazee wa hapa wanajua fika kwamba ni njia ya maji.

Na tukipata nafasi, twende Mabwepande, walikopewa viwanja watu wa mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Kiwanja kilikuwa kikavu, ndiyo, ila riziki ilibaki mjini, na wapo walioifuata. Mama lishe wetu aongee nao. Nina hakika atauliza kuhusu nauli kabla ya kuuliza kuhusu hati.

Zanzibar nitaitaja kwa ajili ya Mikindani. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kuna mafundi wa chokaa pale ambao vijana wetu wanaweza kushinda nao siku nzima wakichanganya, si kutazama tu. Waonyeshwe pia Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikifanyiwa ukarabati. Jumba la Sultani, lenye wataalamu, lilianguka. Nyumba za Mikindani zinasimama kwa huruma ya Mungu na subira ya warithi.

Safari ya mwaka mwingine, na hii ningewaomba wenye viwanda waichangie, iwe Mombasa. Tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kizinduliwe 2015, huku kwetu mawe ya chokaa yanachimbwa, na siku moja mashimo yatabaki. Kule Bamburi, kwenye kiwanda cha saruji, walikuwa na mashimo ya aina hiyo, mwamba mtupu wa matumbawe usio na udongo. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, akaanza kujaribu miche ya miti humo. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Tatizo likawa majani ya mvinje, magumu, hayaozi. Dawa ikawa jongoo! Waliletwa jongoo, wakala yale majani, na kinyesi chao kikawa udongo ambao miti mingine ikaota humo. Leo ni hifadhi yenye msitu, mabwawa na wanyama, na watu wanalipa kiingilio. Kuwapeleka watoto wa shule huko ni kuwaonyesha kwamba mpango wa machimbo unaandikwa siku ya kwanza ya kuchimba.

Najua swali litakalofuata, Mstahiki Meya: fedha. Gharama kubwa ya ziara zetu ni posho, si mafuta. Sisi tusilipwe posho ya kikao. Tunaomba gari, dereva, mafuta, na malazi ya kawaida. Hosteli za vyuo wakati wa likizo zinatosha kabisa. Chakula tutachangia. Mafundi wengine wameshasema wako tayari kupoteza siku za kazi, na fundi akikuambia hivyo ujue amepiga hesabu.

La muhimu zaidi ni tutakachofanya tukirudi. Kila aliyesafiri asimame kwenye mkutano mkuu wa mtaa wake aseme alichokiona, na ajibu maswali mpaka watu watosheke. Wanafunzi wafanye kama wenzao wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyofanya kwenye Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa inayofurika Dar, kuanzia 2015: wapite nyumba kwa nyumba na simu zao, waulize maji yalifika wapi, magotini au dirishani, na wayatie kwenye ramani ambayo afisa wako na mimi tunaweza kuifungua na kuisoma. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 yenyewe inataka wadau washirikishwe mpango unapoandaliwa. Mtu aliyechora maji ya mtaani kwake ameshashirikishwa kweli, hakusaini karatasi ya mahudhurio tu.

Kutokana na ramani hiyo naomba jambo moja la ufundi, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Kila mtaa uwekewe alama ya kimo: mstari wa rangi kwenye karavati, kwenye nguzo au kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, uliopimwa na mpima wa manispaa, unaoonyesha barabara itakuwa juu kiasi gani ikijengwa na msingi wa nyumba uanzie wapi. Fundi avute kamba ya maji kutoka hapo. Kibali cha ujenzi kitaje alama hiyo. Haihitaji mkopo wa benki ya nje. Inahitaji mpima, rangi, na mafundi wanaoelewa kwa nini ipo. Hao wa mwisho ndio ziara itakaowazaa, kwa sababu fundi akiambiwa tu "usipandishe msingi" atapandisha, mwenye nyumba ndiye anayemlipa. Aliyesimama Jangwani na Hanna Nassif ataweza kumweleza mwenye nyumba wake, kwa lugha ya mafundi, pesa yake inakwenda wapi.

Orodha ya waliojitolea, na swali la kila mmoja, nitaiwasilisha masjala ya manispaa pamoja na barua hii. Mwenye swali refu kuliko wote ni dereva wa bajaji wa Chikongola, naomba usimkate.

Wako katika ujenzi,
Fundi uashi, Magomeni, Mtwara.

Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa; Afisa Mipango Miji; wenyeviti wa mitaa yote (ibandikwe kwenye mbao za matangazo).