Yah: Malalamiko kuhusu hati yangu iliyorudi haina kichwa wala miguu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta salama, na natumaini zaidi kwamba anayeisoma ni binadamu, maana majibu matatu niliyopata kutoka ofisini kwenu yamefanana neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia kwenye jina langu.

Sitakusomea masharti ya huduma yenu, mliyaandika wenyewe. Kile kipengele cha kuchukua nakala kabla ya kugusa faili la mteja mnakijua. Kile cha kuomba ridhaa kabla ya kubadilisha chochote, mnakijua pia. Naandika juu ya alichofanya fundi wenu siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwenye kompyuta yangu, huku nikimtazama.

Nilileta shida mbili tu. Tasnifu yangu ina kurasa 212. Namba za kurasa zilikuwa zinaanza upya na 1 kwenye Sura ya Tatu, na kila nikigeuza hati kuwa PDF unachomoza ukurasa mtupu kabla ya sura hiyo. Kwenye skrini ukurasa huo haupo, kwa hiyo hata kuufuta huwezi. Basi. Vichwa vilikuwa sawa, tanbihi sawa, orodha ya yaliyomo sawa. Sikuomba hati yangu ioshwe.

Fundi aliomba kuingia kwenye kompyuta yangu kwa mbali, nikamruhusu. Hakuuliza tatizo liko sura ya ngapi. Hakuwasha hata zile alama zilizofichika za aya na mikato, ambazo mtu yeyote mwenye uzoefu huziwasha kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa bila hizo unatibu mgonjwa gizani. Akabonyeza Ctrl+A, amri ya kuchagua kila kitu, hati nzima ikageuka rangi. Akabofya kitufe cha kufuta fomati zote, yaani mwonekano wote niliowapa maneno na vichwa. Nilikuwa naandika "subiri" kwenye kisanduku cha mazungumzo, nikafika "subi". Akahifadhi. Akafunga faili. Kisha akaniandikia: "Hati yako sasa ni safi. Una swali lingine?"

Acha nikueleze usafi wenyewe. Vichwa vyote, kuanzia vya sura hadi vya vifungu vidogo, viligeuka aya za kawaida. Nilipohuisha orodha ya yaliyomo, programu ikaniambia haioni kichwa chochote. Pale nilipokuwa nimeandika "tazama kifungu cha 4.2", sasa pasomeka "tazama kifungu cha 0". Namba za tanbihi ziliteremka kutoka juu ya mstari na kukaa sawa na maneno, hivyo mwaka 1998 wenye tanbihi ya 3 ukawa 19983. Tasnifu yangu ni ya mimea, na majina ya kisayansi ya mimea huandikwa kwa italiki: Adansonia digitata, Moringa oleifera, na mengine mamia. Yote yalisimama wima. Na msije mkaniambia ningetumia mtindo wa herufi (mwonekano uliohifadhiwa kwa jina) badala ya kuweka italiki kwa mkono, kwa sababu kitufe kile hufuta na mitindo ya herufi. Kilichopona ni maandishi ya tanbihi yenyewe kule chini ya kurasa, kwa kuwa Ctrl+A ikibonyezwa ndani ya matini kuu haiyafikii. Yaliokolewa na tabia ya programu, si na huruma ya fundi wenu.

Na zile shida zangu mbili? Ziko palepale! Namba bado zilianza na 1 kwenye Sura ya Tatu. Ukurasa mtupu bado ulichomoza. Chanzo chake ni mikato ya sehemu, zile alama zinazoigawa hati katika sehemu zenye mpangilio wake wa kurasa. Hiyo si fomati ya maneno, kitufe kile hakiigusi. Yaani fundi alibomoa nyumba nzima, akaacha ule msumari niliomwita aje kuung'oa.

Ijumaa iliyotangulia, mwenzake aliniambia kwa simu niiondoe programu na kuisakinisha upya. Nilimweleza kwamba nimefungua faili hilohilo kwenye kompyuta nyingine na ugonjwa ni uleule, kwa hiyo umo ndani ya faili, haumo kwenye programu. Akasema ni utaratibu wenu. Nikatii. Saa mbili zikapotea, na ukurasa mtupu ukanisubiri nimalize. Faida pekee ya utaratibu huo ni kwamba kabla ya kusakinisha nilijichukulia nakala, na nakala hiyo ya Ijumaa ndiyo iliyobaki na sura ya hati yangu. Nyinyi hamkuchukua hata moja.

Jumatano usiku, kwenye nakala hiyo, nilimaliza tatizo mwenyewe. Niliwasha alama zilizofichika, nikaona mkato wa sehemu mwishoni mwa Sura ya Pili. Ulikuwa wa aina inayolazimisha sura ifuatayo ianze kwenye ukurasa wa namba witiri. Zamu ikiangukia namba shufwa, programu huingiza ukurasa mtupu wakati wa kuchapa bila kuuonyesha kwenye skrini. Niliweka kielekezi ndani ya Sura ya Tatu (si ya Pili, hapo ndipo wengi hupotea), nikafungua mpangilio wa ukurasa, nikabadilisha mwanzo wa sehemu uwe ukurasa mpya wa kawaida. Kisha kwenye fomati ya namba za kurasa nikaondoa "anzia na 1" na kuchagua ziendelee kutoka sehemu iliyotangulia. Dakika sita. Dakika sita, Ndugu Meneja, na mimi si fundi, wala sikulipwa.

Sasa nirudi Jumanne, maana jibu lenu la Alhamisi limeliita tukio lile "badiliko lililoombwa na mteja". Nani aliliomba? Nilikuwa nimekaa, mikono mbali na kipanya kama nilivyoagizwa, natazama kishale kikitembea kwenye kazi yangu kana kwamba kiko kwao. Hati nzima ikageuka rangi. Nikadhani anatafuta kitu. Kisha bofyo moja, na kurasa zikajikunja mbele yangu, vichwa vikasinyaa, 212 zikawa 191. Niliandika "subi", na kabla ya herufi mbili za mwisho faili lilikuwa limehifadhiwa na kufungwa. Nikamwomba atendue. Akanijibu, na maneno yake ninayo: "Faili likishafungwa hatuwezi kutendua. Kwa kawaida wateja hupenda hati safi. Tatizo ni namna ulivyoiandika." Alijua kwamba likifungwa haiwezekani tena kutendua, na bado alilifunga. Mazungumzo yakakatwa. Tiketi yangu, yaani rekodi ya ombi langu kwenu, ikaandikwa "Imetatuliwa". Dakika moja baadaye ukaja ujumbe kuniomba nimpe nyota, kuanzia moja hadi tano.

Funika kombe mwanaharamu apite, sivyo? Mimi sipiti.

Tangu siku ile nimekesha usiku tano nikiyahamisha maandishi ya siku nne, ya Ijumaa hadi Jumanne, aya kwa aya, kutoka hati "safi" kwenda nakala ya Ijumaa, na kuweka italiki upya jina kwa jina.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba vitu viwili: samahani iliyoandikwa na mtu mwenye jina, na kurudishiwa ada ya huduma ile. Nimefika hapa na naona havitoshi. Nataka ada ya mwaka mzima, maana sitawaruhusu tena kugusa kompyuta yangu, na siwezi kulipia mlango ambao sitaufungua. Nataka tiketi ifunguliwe na iandikwe ukweli, kwamba haikutatuliwa. Nataka maneno "badiliko lililoombwa na mteja" yafutwe kwenye kumbukumbu zenu, nami nitumiwe nakala ya rekodi ya kipindi kile, ya skrini na ya mazungumzo, kabla nayo haijasafishwa.

Nawapa siku saba. Hapana, siku saba mlikwisha kuzitumia kunitumia jibu moja mara tatu. Nawapa saa 48 tangu mtakapopokea barua hii. Zikiisha, barua hii pamoja na faili zote mbili, lile la Ijumaa na lile lenu, vitakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa mwanasheria wangu. Faili hizo zikiwekwa sambamba hazihitaji maelezo.

Jibu la nne linalofanana na yale matatu nitalihesabu kuwa mmekataa.

Wako,
Mteja wenu, kwa saa 48 zijazo.

Tanbihi: Barua hii nimeiandika kwa maandishi matupu. Haina mitindo, italiki wala mikato. Fundi wenu hatapata cha kufuta.