Mizani haijafa, kerneli inaiona

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule msomaji wa Sironko aliyeandika kwamba kompyuta ya chama chao cha kahawa inawasumbua, kila umeme ukienda na kurudi mizani inakataa kusomeka, printa ya risiti inatoa herufi zisizoeleweka, na fundi ameshawaambia kompyuta ni mbovu wachange pesa wanunue nyingine. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mbale, kazi yangu kubwa ni hivi vyama vya wakulima, na barua ile imeniuma kwelikweli. Hizo pesa ni jasho la watu wanaobeba magunia mgongoni kushuka mlimani, na kwa jinsi alivyoeleza tatizo, mimi sioni ubovu wowote kwenye hiyo kompyuta.

Alisema wanatumia Ubuntu, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Linux, na mizani na printa vimeunganishwa kila kimoja kwa moja ya zile kebo za bei nafuu zinazotoka USB kwenda serial, ile poti ya mtindo wa zamani. Basi shida iko hapo hapo kwenye zile kebo mbili. Kila kebo ina kachipu ndani, na nyingi zinazouzwa huku kwetu zina chipu ya CH340. Ukifungua tamino, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika lsusb utaiona imeandikwa 1a86:7523, nambari ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya pili ni ya aina ya kifaa. Kama zinatokea mara mbili kwenye orodha maana yake kompyuta inaziona kebo zote mbili, hata kama programu ya mizani inalia kwamba hakuna kitu.

Sasa inakuwaje kompyuta inaona alafu programu haioni? Ukichomeka kitu kwenye USB, kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoshika vyuma vyote, inakipa kifaa anwani yake kwenye basi la USB, ile njia moja ambayo vifaa vyote vinaitumia (basi moja haliwezi kuwa na anwani zaidi ya 127), inakiuliza wewe ni nani, nacho kinajibu kwa baiti 18 ambazo ndani yake zimo zile nambari mbili. Kerneli inaandika kila kitu ilichoambiwa chini ya folda ya /sys/bus/usb/devices, na folda hiyo ni kama daftari la wanachama lililoachwa wazi mezani, yuza yeyote anaweza kulisoma bila password ya mkubwa. Alafu inapiga mbiu kwamba kuna mgeni, programu inayoitwa udev inaisikia, draiva inayofaa, yaani programu ndogo ya kuongoza kifaa, inapakiwa, kwa CH340 ni ile inayoitwa ch341, na draiva ndo inaleta mlango wenyewe wa kuingilia, yaani faili la /dev/ttyUSB0. Kebo ya pili inapata /dev/ttyUSB1.

Hapo kwenye sifuri na moja ndo watu wengi wanapotea. Nambari hiyo inatolewa kwa kufuata nani kafika kwanza, haina habari kwamba hii ni mizani na ile ni printa. Umeme ukikatika na kurudi hakuna anayekuhakikishia kebo zitatambuliwa kwa mpangilio ule ule wa jana, na hata bila umeme kukatika, kebo ikilegea na kurudi wakati programu bado imeshikilia mlango wa zamani, inapewa nambari nyingine kabisa. Karani anafungua programu asubuhi, programu inakwenda ttyUSB0 ikitafuta kilo, kule inakuta printa, na yale maneno ya risiti yanatumwa kwenye mizani. Mkulima amesimama na gunia lake, foleni inaongezeka, na kila mtu anaamini mashine imekufa.

Na fundi anayekuja akifika anafanya nini? Wengi wanaandika sudo chmod 777 /dev/ttyUSB0, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu, mizani inasoma, analipwa, anapanda boda anaenda zake. Mimi napinga hii tabia na nitaendelea kuipinga. Kwanza haidumu, maana lile faili linafutwa kebo ikitoka na linazaliwa upya kebo ikirudi, pamoja na ruhusa zake za mwanzo. Pili umefungua mlango kwa kila yuza na kila programu iliyomo kwenye hiyo kompyuta, na hapa tunazungumzia mizani inayoamua mkulima alipwe kiasi gani! Ubuntu ilishaweka utaratibu mzuri, hizo poti ni mali ya root, yule yuza mkubwa, na grupu ya dialout, ruhusa 0660, yaani hao tu ndio wanasoma na kuandika, kwa hiyo unamwingiza karani kwenye grupu kwa sudo usermod -aG dialout na jina lake la yuza, anatoka na kuingia tena, yamekwisha, wengine wanabaki nje.

Kuhusu majina kubadilika, udev ilitengenezwa kwa ajili ya mambo kama haya. Kabla yake /dev ilikuwa inajazwa maelfu ya mafaili ya vifaa ambavyo havipo hata kwenye mashine, ndo mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman akaja na udev, na mwishoni mwa mwaka huo huo kerneli 2.6 ikatoka na /sys, ndo tukapata hii njia ya kerneli kusema ukweli wa kilichopo na udev kukipa jina tunalotaka. Angalia ndani ya /dev/serial/by-id, kuna majina yasiyobadilika yaliyotengenezwa kutokana na namba ya kipekee ya kifaa, serial namba. Ila kwa CH340 za bei rahisi hii haisaidii kama unazo mbili, kwa sababu hazina serial namba, zote zinajitambulisha sawasawa. Hapo unahamia /dev/serial/by-path, ambako jina linafuata tundu ulilochomeka. Au andika kanuni yako mwenyewe, mstari mmoja tu ndani ya faili la /etc/udev/rules.d/99-mizani.rules, hivi:

SUBSYSTEM=="tty", KERNELS=="1-1.2", SYMLINK+="mizani", GROUP="dialout", MODE="0660"

Hiyo 1-1.2 unaitoa kwenye ile folda ya /sys, maana yake basi namba 1, tundu la 1, na kwenye habu iliyopo hapo tundu la 2. Yako itakuwa tofauti, iangalie kwanza, usinakili yangu. Mstari wa pili unafanya vile vile kwa printa. Baada ya sudo udevadm control --reload unachomoa na kuchomeka tena, na programu unaielekeza kwenye /dev/mizani, basi umeme ukatike hata mara ngapi kwa siku, alimradi hakuna mtu anayehamisha kebo. Andika kwa maka pembeni ya tundu: MIZANI.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani linawakuta wengi wanaotumia Ubuntu 22.04. Kebo inaonekana kwenye lsusb, lakini ttyUSB0 inatokea sekunde chache alafu inapotea. Ukisoma dmesg, yale maandishi ya kerneli kuhusu yanayotokea, unakuta jina brltty. Hiyo ni programu ya wasioona, inaendesha vile vifaa vya kusomea nukta za Braille kwa vidole, na kuna kifaa cha Braille kinachotumia chipu hii hii yenye 1a86:7523, kwa hiyo brltty ikiona hizo nambari inadhani mwenyewe kafika na inakichukua kutoka kwa draiva. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu kerneli ina mlango wa pili, /dev/bus/usb, ambako programu yenye ruhusa inaongea na kifaa moja kwa moja bila kupitia draiva. Mafundi wanasema ifute tu brltty. Mimi nasema uliza kwanza kama hapo ofisini kuna mtu asiyeona anayeitegemea, kama yupo zima ule mstari mmoja wa kanuni ya udev unaotaja 1a86:7523 na mwachie programu yake, mradi kifaa chake si cha chipu hiyo hiyo.

Na hili la kuambiwa kifaa kimekufa halijaanza leo. Mwezi wa kumi 2014 ilisambaa draiva mpya ya Windows ya kampuni ya FTDI, watengenezaji wa chipu za kebo kama hizi, ambayo ikikuta chipu feki ya FTDI inafuta nambari yake ya aina na kuweka 0000, na watu duniani kote wakaona kebo zao zimekufa ghafla bila kuwa hata wanajua kwamba walinunua feki. Upande wa Linux, mwezi huo huo mtu alituma mabadiliko ili draiva ya kerneli iitambue na hiyo 0000, kebo zikaendelea na kazi. Chipu zilikuwa hai muda wote, kilichobadilishwa ni kitambulisho tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za vyama, kabla mweka hazina hajasaini kitu, mwambieni fundi awaonyeshe kwenye skrini matokeo ya lsusb na dmesg, na aeleze kifaa kimekwama wapi. Hakionekani kabisa kwenye basi? Hapo kweli angalia kebo, tundu au chuma chenyewe. Kinaonekana ila hakina draiva? Kina draiva ila karani hana ruhusa? Au kila kitu kipo ila jina limebadilika? Ni matatizo manne tofauti na mengi hayahitaji kununua kitu. Na walimu wa kompyuta kwenye shule zetu, najua maabara nyingi zinafundisha kuandika barua na kujaza jedwali, tafadhali tengeni japo kipindi kimoja watoto wachomeke flashi na kuitafuta wenyewe ndani ya /sys, haihitaji intaneti wala password.

Kwa msomaji wa Sironko, msinunue kompyuta. Piga picha ya lsusb na ya folda ya /dev/serial/by-path wakati kebo zote mbili zimechomekwa, mtafute fundi yeyote anayejua Linux, na akimaliza mwombe awaachie kanuni aliyoandika, imeprintiwa, iwekwe kwenye faili la ofisi pamoja na risiti ya mizani.

Fundi kompyuta,
Mbale