Kwa swahibu aliyeuliza kwa nini nimeacha benki

Tudor, Mombasa

Swahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani. Umeniuliza kwa nini, baada ya miaka tisa ya kusimamia mali za matajiri, nimehamia katika mfuko unaowekeza katika kampuni changa, tena kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza.

Kazi ya zamani waijua: nilikuwa mlinzi. Mteja alinikabidhi fedha, nami nikazigawa katika hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba, hisa za Soko la Nairobi na amana za benki, na mwaka ukiisha bila hasara nilihesabiwa hodari. Huku, katika kampuni 10 tunazotia fedha, twajua tangu mwanzo kwamba nyingi zitakufa au zitajikokota, na kwamba moja au mbili ndizo zitakazotulipia zote. Wala hatushiki rehani, ila hisa tu. Mwezi wa kwanza nilimwuliza kijana mwenye majokofu ya sola ya samaki kule Shimoni ana dhamana gani, na wenzangu wakacheka. Yeye akanitolea daftari lililolowa maji ya chumvi, lenye majina ya wavuvi na kilo walizoleta kila siku. Nilikaa nalo nikahesabu waliorudi wiki ya pili, na ya tatu. Walikuwa wengi.

Lililonishangaza ni kwamba ujuzi wa zamani haukupotea, kwa kuwa fedha za mfuko nazo hutoka kwa wenye mali, hufungwa kwa miaka 10 hivi, na kwa desturi ya kazi hii wasimamizi huchukua asilimia 2 ya mtaji kila mwaka na asilimia 20 ya faida. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, ambaye miaka yote alizikataa hatifungani zangu kwa sababu ya riba, aliposikia habari za mfuko huu alidhani namwuzia nyumba, akaniuliza iko wapi, akaione. Nikamweleza kwa mudharaba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa mapatano, na mali ikipotea humpotea mwenyewe. Akamimina kahawa, akasema, "Basi ni kumpa nahodha mali avuke nayo musimu." Asilimia 2 aliikataa papo hapo; nahodha, alisema, halipwi kwa kukaa bandarini, na kusema kweli sikuwa na jibu.

Hajatia hata shilingi moja, lakini amenitaka nimpelekee lile daftari la Shimoni alitazame mwenyewe. Nakwenda kwake Ijumaa baada ya sala.

Wasalamu,
Rafikiyo wa Tudor