Asante, fundi wa Unga Limited

Fundi umeme wangu wa Unga Limited, Arusha, jina lako hukutaka nilitaje, basi asante naitoa hivi hivi hadharani. Winchi ya Land Cruiser, ile mashine ya kujivuta gari likikwama, sasa naiendesha nikiwa kwenye usukani, sishuki tena matopeni na rimoti. Wengine walitaka kuleta waya mnene wa betri hadi kwenye dashibodi. Wewe ukasema winchi ikielemewa hula hata zaidi ya ampia 300, umeme huo ubaki mbele kwenye solenoidi, yaani swichi ya umeme mkubwa inayowashwa kwa umeme mdogo. Ndani ukapitisha waya nyembamba tu, zenye fyuzi, na mpira pale zinapotoboa bati zisichubuke. Swichi ukiiachia inarudi katikati yenyewe. Swichi ya pili inakata umeme wa hiyo ya kwanza kabisa, maana watoto wangu nawajua. Na soda ukalipa wewe! Mungu akuzidishie, kaka.