Habari za biashara ya video za kikubwa, mbona hesabu hatuzioni?

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kidogo niwaseme hawa ndugu zetu wa televisheni. Kila habari zikipungua wanatuletea stori ya biashara ya video za kikubwa, siku hizi ni OnlyFans tu, ule mtandao ambao mteja analipia picha na video za mtu anayeziposti, nyingi za ngono, na stori ni ileile, dada wa Uingereza au Marekani alikuwa nesi au mwalimu, kaacha kazi, sasa ana nyumba na gari la maana, picha zimewekewa ukungu, mtangazaji anacheka cheka halafu haya, tuelekee michezoni. Hapo mama mkwe wangu keshatafuta rimoti mpaka chini ya kochi na bado hatujaambiwa kitu hata kimoja cha biashara.

Mimi kazi yangu ni kushika vitabu vya maduka pale Kariakoo, kwa hiyo nikisikia biashara nataka kujua mauzo ni ngapi na nani kaondoka na nini. Na hii wala sio siri. Kampuni mama ya OnlyFans inaitwa Fenix International, ni ya Uingereza, kila mwaka inapeleka hesabu kwa msajili wa makampuni wa kule na mtu yeyote anazifungua bure. Mwaka wa hesabu ulioishia Novemba 2023 wateja walilipa kama dola bilioni 6.6. Kampuni inakata asilimia 20, wanaoposti wanabaki na 80, ambayo ni kama bilioni 5.3, na akaunti za hao wanaoposti zilikuwa kama milioni 4.1. Chukua kalkuleta ya simu ugawanye. Inakuja kama dola 1,290 kwa kila akaunti kwa MWAKA, yaani mia na kitu kwa mwezi, hujatoa kodi, hujatoa simu nzuri na taa na bando. Na huo ni wastani tu, wale wachache wa juu wanakomba sana so walio wengi wako chini ya hapo. Mwaka huohuo mwenye kampuni kachukua gawio la dola milioni 472, na wafanyakazi wake walikuwa arobaini na kidogo, yaani Coaster moja inawabeba wote wachache wakisimama. Sasa hiyo ndo habari ya biashara, sio gari la yule dada.

Ugonjwa wenyewe hata haujaanzia kwetu. Kule Marekani miaka na miaka kila ripoti ilikuwa inasema sekta hii ni dola bilioni 10, nani kahesabu hakuna anayejali. Mwaka 2001 jarida la Forbes likakaa likapiga hesabu likapata kati ya bilioni 2.6 na 3.9, basi ungedhani watu watarekebisha, wapi, 2003 televisheni ya CBS bado wanaitaja ileile 10. Ila CBS nawapa haki yao, angalau waliuliza pesa inapita mlango gani wakakuta makampuni ya heshima kabisa, General Motors hawa wa magari walikuwa ndo wenye DirecTV, televisheni ya setilaiti iliyouza hizo filamu majumbani, na mahoteli kama Marriott yalikuwa yanapata fungu lake kwa mgeni anayelipia chumbani. Marriott wamekuja kutangaza kuachana nayo 2011, na wakati huo mgeni ana laptop yake na intaneti, nani atalipia ya hoteli.

Halafu mabenki. Desemba 2020 Visa na Mastercard walizuia kadi zao zisilipie Pornhub, mtandao mkubwa wa video za ngono, baada ya gazeti la New York Times kuandika kuhusu video za watoto na za watu waliobakwa, na siku chache baadae ule mtandao ukaondoa mamilioni ya video. Wabunge na mahubiri havikuwahi kufanya hivyo, kadi ya benki imefanya. Agosti 2021 OnlyFans nao wakasema ngono basi kuanzia Oktoba, haikuisha wiki wakageuka, na mwanzilishi alisema wazi tatizo lilikuwa mabenki. Hilo sijaliona kwenye vipindi vyetu, siku ile walituletea mjadala wa maadili na mchungaji na mwanasaikolojia!

Msinielewe vibaya, sitetei biashara hii. Ila kuna mabinti huku wanaangalia hizo ripoti wakiwa hawana ajira, wanaona milango ya pesa, na hakuna anayewaambia wastani ni dola mia kwa mwezi, wala kwamba kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumfunga mtu kwa kusambaza picha za ngono. Mtangazaji akitaja utajiri na akakalia hayo mawili, anafanya promo bure.

Hesabu ziko wazi mtandaoni, kurasa zenyewe sio nyingi. Kama dawati la biashara halina muda wa kuzisoma mi nipo, namba yangu mnayo hapo ofisini, Jumapili duka limefungwa.

Mshika vitabu,
Kariakoo, Dar es Salaam