Raha ya Soko la Mbuyuni

Mhariri,

Naomba nafasi nilisifie Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Siku hizi vijana wengi wanapenda mboga zilizokwisha kukatwa na kufungwa dukani, wakati nusu ya raha ya chakula iko sokoni.

Chukua ndizi peke yake. Akina mama wanaoshuka na mikungu kutoka Uru na Kibosho hawakimbilii kukutajia bei; wanakuuliza kwanza unapika nini. Mtori? Utapewa mshare. Za kukaanga? Mzuzu. Mbivu za watoto, basi kisukari. Ukisema kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, utaelekezwa hadi maharage ya kununua, na kwa nani. Elimu hiyo hailipiwi. Mkishazoeana, nyongeza unawekewa bila kuomba, na siku hela imepungua unaambiwa, "Utaleta kesho, dada."

Kuna perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, na mchele wa huku huku tambarare. Huo mchele uchote kiganjani uunuse kabla hujapimiwa. Mimi naamini pua kuliko bei.

Wazazi wenzangu, nendeni na watoto, wa kiume kwa wa kike, waulize na kupatana bei wenyewe. Mtoto aliyechagua nyanya zake sokoni anakula kachumbari bila kubembelezwa, nimeliona hilo nyumbani kwangu. Nendeni asubuhi, kabla wauzaji hawajazidiwa na wateja, ili wapate muda wa kuwajibu.

Mama wa Pasua,
Moshi