Heri ya Krismasi kutoka kwenye theluji, na habari za treni yenye bendi

Ndugu zangu wa Tanga, Dar, Mombasa na popote ujumbe huu utakapowakuta,

Wakubwa, shikamooni. Wadogo, za kwenu nimezipokea, marahaba. Heri ya Krismasi kwenu nyote, na ninyi msioisherehekea najua pilau ya jirani haitawapita.

Huku Calgary leo ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Mkiniona nimejaza picha za theluji, msidhani nafurahi. Ni kwa sababu nje hakuna kingine cha kupiga picha. Kila mwaka mnaniuliza Krismasi ya Kanada ikoje. Safari hii nawajibu kwa habari za treni.

Kampuni ya reli ya Canadian Pacific, ambayo tangu 2023 inaitwa CPKC, kila mwisho wa mwaka hutoa treni iliyopambwa taa kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho. Walianza 1999. Inavuka nchi kutoka Montreal kuelekea magharibi, na nyingine hupitia Marekani, zikisimama mji baada ya mji, hata vijiji ambavyo Muheza mbele yao ni jiji. Behewa moja limegeuzwa jukwaa: ubavu wake unashushwa, na kumbe ndani imo bendi, gitaa na ngoma tayari. Wanapiga kama nusu saa, kisha treni inaondoka. Tiketi hakuna. Unaombwa tu uje na chakula kisichoharibika au pesa, na kinachopatikana mji ule kinabaki na benki ya chakula ya mji uleule. Mwaka 2020 na 2021 corona iliizuia, muziki ukarushwa mtandaoni. Tangu ianze zimechangwa zaidi ya dola milioni 20. Ni tangazo la biashara pia, sikatai, lakini nimeona matangazo mengi yasiyomshibisha mtu.

Benki ya chakula ni ghala la misaada: watu na maduka hutoa, wenye shida huenda kuchukua. Ya kwanza Kanada ilifunguliwa Edmonton mwaka 1981, uchumi ulipoyumba, ikidhaniwa ni ya muda tu. Ipo hadi leo. Nchi hii inauza ngano duniani kote, lakini mtu anaweza kufanya kazi mbili na kodi ya nyumba ikameza mshahara wote kabla hajanunua mkate.

Na sasa nikiri jambo. Krismasi yangu ya kwanza huku nilikula cha benki ya chakula. Sikuwaambia. Nilikuwa nawatumia picha nimeegemea gari la watu. Siku ya kuchukua boksi nilivuta kofia hadi kwenye nyusi nisije nikatambuliwa na Mswahili yeyote, na Mswahili alikuwa mbele yangu: mama mmoja wa Bukavu, naye kajifunika mtandio mpaka puani. Tukajifanya hatujuani. Nikarudi nyumbani na tambi, njegere, siagi ya karanga, na kopo la boga lililopondwa ambalo nilidhani ni chakula cha mtoto. Nikalila na chumvi.

Wiki iliyofuata nikaenda kuiona treni, na nani nimkute? Mama yuleyule, anarukaruka, nusu kwa baridi nusu kwa ngoma. Safari hii tukasalimiana kwa kelele. Kwenye umati ule huwezi kujua nani kaleta kopo na nani atalila. Nikakumbuka harusi za kwetu na taarab: mtu hampi mwimbaji pesa kama anayelipa deni. Anainuka, anacheza, noti anaipeperusha juu, anazunguka kwanza ndipo anamtunza. Aliyetoa amestarehe, aliyepokea hakuinamisha kichwa.

Basi mwaka huu kwaya yetu ya Kiswahili, yenye Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi wachache wa Tanzania, tukaandaa jioni ya nyimbo kwa ajili ya benki ya chakula ya mtaa wetu. Tuliwauliza kwanza wanataka nini. Wakasema, kwa adabu sana, kwamba makopo ni mazuri ila pesa ni bora, maana wao hununua kwa jumla kwa bei ambayo sisi dukani hatuipati. Mabishano yakawa kwenye muziki. Mzee wetu wa kwaya alitaka nyimbo za Krismasi zilizotulia. Vijana wa Kikongo wakataka sebene. Tukaanza na zilizotulia, na ndoo ikabaki na sarafu za kuhesabika. Gitaa lilipobadilika, viti vikaachwa vitupu.

Noti za Kanada ni za plastiki, hamjui taabu yake. Ukimbandika mpiga gitaa kwenye paji la uso lenye jasho haishiki, inateleza hadi sakafuni. Watoto wakawa wanaziokota na kuzikimbiza kwenye ndoo. Yule Mzungu aliyekuja kuiwakilisha benki ya chakula alisimama ukutani akishangaa, kisha nikamwona anatoa noti ya dola tano, ile ya buluu, anaiinua juu na kuja mbele akicheza. Vibaya sana. Mzee wa kwaya alikuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Mama wa Bukavu ndiye mweka hazina. Alihesabu mara mbili.

Nawatakia sikukuu njema na Mwaka Mpya wenye afya. Shangazi, usichinje yule jogoo mweupe kabla sijapiga simu, nataka kumwona. Na mkisikia honi nyuma ya sauti yangu, msikate mkidhani mtandao umeharibika. Reli iko nyuma ya nyumba.